Sensa ya oksijeni: mita kwanza, spana baadaye

Taa ya injini ikiwaka hapa Malindi, ushauri wa kwanza utakaoupata kwenye kijiwe chochote ni "badilisha oksijeni sensa". Wa pili ni "ing'oe, ilaze kwenye petroli, asubuhi itakuwa mpya". Huenda mmoja wao ukawa sawa. Tatizo ni kwamba anayekushauri hajapima kitu, na sensa halisi si kitu cha kununua kwa kubahatisha.

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, na huko mtu hufundishwa kupima kwanza ndipo amwage. Probox yetu, ambayo mpwa wangu huitumia kubebea samaki kutoka Ngomeni na Mambrui hadi mjini, naitengeneza mwenyewe uani kwa tabia hiyohiyo. Mpwa wangu akiniambia, "Mjomba, gari linakunywa," mkono wangu huenda kwenye mita kabla ya sanduku la spana. Ninayoyaeleza hapa ni yale ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata, na vyombo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata.

Kazi ya sensa yenyewe

Ni kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye ekzosi kwa thredi, kirefu kidogo kuliko plagi, na mkia wa waya. Kichwani mna kauri ya zirkonia. Upande mmoja wa kauri unaguswa na moshi, wa pili unaguswa na hewa ya nje. Ikishapata joto la nyuzi 300 hivi na kuendelea, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme mdogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, ikaongeza au ikapunguza petroli ili injini ibaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ni mwonja mchuzi: yeye hapiki, kazi yake ni kumwambia mpishi chumvi imetosha au bado. Volvo ndiyo iliyotangulia kuiuza ndani ya gari, mwaka 1976, sensa ikiwa imetengenezwa na Bosch.

Kwa kuwa haifanyi kazi ikiwa baridi, sensa za siku hizi zina hita ndani yake. Ndiyo maana utaona waya 4: mbili za hita, moja ya taarifa, moja ya kurudishia umeme. Kwenye sensa nyingi za Denso, waya wa hita ni nyeusi mbili, taarifa ni buluu na ya kurudishia ni nyeupe. Kwenye nyingi za Bosch, nyeupe mbili ndizo za hita, nyeusi ni taarifa, kijivu ni ya kurudishia. Kanuni ya kukumbuka ni hii: waya mbili za rangi moja ndizo za hita.

Kuna jambo linalowatoa watu pesa bure. Magari mengi yana sensa mbili. Ya kwanza hukaa kabla ya kataliti, lile sega la kusafisha moshi, na hiyo ndiyo inayoamua petroli. Ya pili hukaa baada yake, na kazi yake kubwa ni kuchunguza kama kataliti bado inafanya kazi. Gari likianza kunywa mafuta, kubadilisha ya pili hakukusaidii karibu chochote. Lakini ya pili ndiyo rahisi kufikiwa kwa spana, basi ndiyo hubadilishwa. Mwulize anayekutengenezea, kwa upole tu, ni ipi anayoizungumzia.

Kodi inasema nini

Kodi ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huihifadhi taa ikiwaka. Kuisoma, nunua kisomaji kidogo cha OBD2, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Baadhi ya magari ya Japani ya zamani hayaelewani na visomaji hivi. Hapo nenda kwa fundi mwenye mashine umlipe kusoma tu, urudi nyumbani na kodi yako kwenye karatasi.

P0135 ni hita ya sensa ya kwanza, P0141 ni hita ya sensa ya pili. P0031 na P0037 pia ni habari za umeme wa hita. P0133 ni sensa ya kwanza kuwa nzito kujibu. P0131 na P0132 ni volti kukaa chini au juu mno. P0134 ni sensa kunyamaza kabisa. Namba hizi zinakuambia uchunguze sensa hiyo na waya wake. Hazisemi imekufa.

Halafu kuna P0171, hewa imezidi, na P0172, petroli imezidi. Hizi mbili ndizo zinazouzisha sensa nyingi zisizo na hatia. Mara nyingi sensa ndiyo inayosema kweli na gari ndilo lenye ugonjwa. Hewa ikizidi, tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, kipimahewa kilichojaa vumbi, pampu ya petroli iliyochoka. Petroli ikizidi, tafuta injekta inayovuja au sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta kwamba injini ni baridi saa zote.

Hapo nitasimama kidogo, maana huku pwani tuna desturi yetu. Mafundi wengi huitoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rediata mpaka injini ipate joto, ati joto la Malindi ni jingi na injini itachemka. Injini isiyo na themostati huchelewa mno kufika kwenye joto lake la kazi, na ikitembea barabara kuu kwa upepo wa kusi huenda isifike kabisa. Kompyuta ikiona maji bado ni vuguvugu, inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Ekzosi inajaa masizi, sensa inajaa masizi, taa inawaka, na wewe unauziwa sensa. Baada ya muda mfupi hiyo mpya nayo ni nyeusi. Kama gari lako ulilinunua mkononi mwa mtu, fungua nyumba ya themostati utazame kama imo. Kama haimo, irudishe kabla ya kugusa kitu kingine. Gari likichemka nayo ikiwamo, ugonjwa uko kwenye rediata, fani au pampu ya maji.

Macho kabla ya mita

Injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, inua boneti. Mwambie mtu awashe, nawe usikilize pale manifoldi ya ekzosi inapokutana na injini na kwenye kila kiungo hadi ilipo sensa ya kwanza. Mlio wa tsi-tsi-tsi, au alama nyeusi ya masizi pembeni ya gasketi, maana yake kuna uvujaji. Tundu lililo kabla ya sensa hunyonya hewa ya nje kati ya pigo moja la moshi na jingine, sensa ikaona oksijeni nyingi, kompyuta ikaongeza petroli bila sababu. Ziba tundu, usinunue sensa.

Kisha fuata waya kwa vidole. Hapa kwetu adui ni wawili. Wa kwanza ni panya, hasa gari likilala chini ya minazi au karibu na banda. Hutafuna ngozi ya waya na kuacha shaba wazi. Wa pili ni chumvi. Fungua koneka ya sensa utazame pini. Ukiona unga wa kijani au mweupe, hapo ndipo ugonjwa ulipo, au sehemu yake kubwa. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na mswaki mkavu, acha ikauke, kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Usijaze grisi ndani ya koneka hiyo. Sensa nyingi huvuta ile hewa yao ya nje kupitia ndani ya waya, na ukiziba njia hiyo vipimo vyake vinaharibika.

Kwenye Toyota nyingi, waya wa sensa ya pili hupenya sakafu na koneka yake imo ndani ya gari chini ya zulia. Anayebeba samaki na barafu ajue hilo. Probox yetu iliwahi kutoa P0141, na dawa ilikuwa kuinua zulia, kukausha maji ya samaki, kusafisha pini na kuweka trei ya plastiki chini ya makreti. Mpwa wangu alikuwa ameshaulizia bei ya sensa Mombasa.

Mwisho wa kutazama ni fyuzi. Hita ikiwa imekatika kwa shoti, fyuzi yake huenda nayo. Tazama mfuniko wa sanduku la fyuzi. Kwenye Toyota huandikwa EFI au A/F.

Sasa mita

Mita ya kawaida ya dijitali inatosha. Anza na hita, gari likiwa limezimwa na baridi. Chomoa koneka, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za zile waya za rangi moja, upande wa sensa. Sensa ya kawaida ya waya 4 itakupa kati ya omu 4 na 20 hivi. Sensa nyingi za Toyota za aina hiyo huwa 11 hadi 16 zikiwa baridi. Mita ikikuonyesha njia imekatika, hita imekufa, na hakuna petroli, siki wala dua itakayoifufua. Hapo habari ya kusafisha imekwisha, nunua nyingine. Hita ikiwa nzima, angalia upande wa gari: geuza ufunguo bila kuwasha injini, pima volti kati ya waya wa umeme wa hita na bodi. Unatakiwa uone volti za betri. Usipoziona, rudi kwenye fyuzi, relei na waya.

Usipime omu kwenye waya wa taarifa. Mita hupeleka umeme wake mdogo ndani ya kauri na inaweza kuiharibu. Waya huo hupimwa volti peke yake.

Kupima taarifa, rudisha koneka, washa gari, liache lipate joto mpaka fani ijiwashe. Penyeza sindano nyembamba nyuma ya koneka ifike kwenye pini ya waya wa taarifa, bila kutoboa ngozi ya waya; tundu moja kwenye ngozi ni mlango wa chumvi. Mita kwenye volti za DC, mguu mweusi kwenye waya wa kurudishia au kwenye bodi. Mwambie mtu ashikilie injini kwenye mizunguko 2,500 hivi. Sensa nzima ya kwanza hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya 0.1 na 0.9, mara kadhaa katika kila sekunde kumi. Ikijikokota kutoka chini kwenda juu, imechoka. Ikikaa kwenye 0.45 bila kutikisika, imelala: ama ni baridi, ama imekufa, ama waya umekatika.

Ikiganda juu au chini, usiihukumu bado. Mwambie aliye kwenye usukani akanyage mafuta ghafla: volti zinatakiwa kuruka kuelekea 0.9. Aachie ghafla: zianguke karibu na sifuri, kwa sababu kompyuta hukata petroli. Kisha chomoa mpira mmoja mdogo wa vakyumu: zishuke. Sensa ikijibu yote hayo, ni hai na inasema kweli, na ugonjwa uutafute kwenye injini. Isipojibu, hapo una haki ya kuchukua spana.

Tahadhari: haya yote ni ya sensa ya kawaida. Magari mengi ya tangu miaka ya 2000, Toyota hasa, yana sensa ya kwanza ya aina nyingine, inayoitwa sensa ya A/F, yaani ya uwiano wa hewa na petroli. Umbo ni lilelile, waya 4 vilevile, lakini haitoi volti za kupanda na kushuka namna hiyo, na hita yake huwa na omu chache sana, mara nyingi 1 hadi 3 tu. Hiyo isomwe kwa kisomaji cha simu. Na usikubali kubadilishiwa moja kwa nyingine kwa kuwa "zinaingia tundu moja". Kuingia zitaingia. Gari halitaelewa.

Ya pili, ile ya baada ya kataliti, isikutishe ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7. Kutulia ndiko kuzuri kwake.

Kuifungua bila kuvunja kitu

Sensa ikiwa inafikika kwa juu, shukuru. Ikiwa lazima ulale chini ya gari, fikiria ardhi yako. Viwanja vyetu vingi ni mchanga, na jeki kwenye mchanga huzama upande mmoja polepole huku wewe uko chini. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Na sitaki kusikia mtu ameegemeza gari juu ya matofali ya matumbawe. Tofali la matumbawe limejaa vishimo, hubeba ukuta vizuri kwa miaka, lakini likipata uzito kwenye ncha moja hupasuka bila kukuonya. Stendi za chuma, magurudumu yaliyobaki chini yazibwe kwa kabari, breki ya mkono juu. 

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mzunguko wa thredi, injini ikiwa baridi, na asubuhi unyunyizie tena. Kisha washa gari kwa dakika chache tu, mpaka ekzosi iwe moto wa kuudhi mkono na usiwe wa kuunguza ngozi papo hapo, uzime, kisha utoe terminali hasi ya betri. Chuma kikitanuka kidogo hulegea. Vaa glavu nene.

Spana ni ya 22. Spana pete hufaa kama unaweza kuipitisha juu ya waya na koneka. Kama huwezi, kuna soketi maalumu yenye ufa ubavuni wa kupitishia waya. Spana ya mdomo wazi iache, itakula pembe za nati na utabaki na duara. Anza kwa kukaza kidogo mno, ile robo ya pumzi, ndipo ulegeze. Ikikubali robo mzunguko kisha ikagoma, irudishe, nyunyizia, legeza tena. Nenda rudi, nenda rudi. Anayeilazimisha kwa bomba refu hutoka na sensa na thredi za ekzosi pamoja. Thredi zikikwaruzika, kuna tapu ya M18 × 1.5 ya kuzirekebisha. Zikiisha kabisa, ni kazi ya mchomeleaji, naye atakuwekea nati mpya kwenye bomba. Kuipasha kwa gesi uani, karibu na mipira ya petroli, sikushauri hata kidogo.

Je, kusafisha kunafaa?

Mtu wa kijiwe ana nusu ya ukweli. Watengenezaji wa sensa hawaisafishi wala hawashauri isafishwe, na sababu inaonekana ukiitazama ncha yake mwangani.

Ikiwa na masizi meusi makavu yanayoacha alama kidoleni, petroli ilikuwa ikizidi. Hayo ni uchafu wa juu, na ndiyo pekee yanayosafishika. Ikiwa na ukoko wa kahawia au kijivu mgumu, injini inakula oili, na majivu ya oili yameshaziba vishimo vya kauri. Ikiwa nyeupe ya chaki, shuku silikoni: kuna aliyepaka gundi ya gasketi isiyo ya magari mahali fulani kwenye injini, mvuke wake ukaingia kwenye moshi. Maji ya rediata yakivuja ndani ya silinda nayo huacha weupe, pengine wenye ukijani. Sumu hizo zimeshaingia ndani ya kauri, na hakuna chombo cha jikoni kitakachozitoa. Zamani risasi ya kwenye petroli nayo iliua sensa kwa njia hiyohiyo, mpaka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Kwa masizi, dawa bora kuliko zote haina haja ya kufungua: rekebisha kilichozidisha petroli, kisha peleka gari barabara kuu, Malindi hadi Kilifi na kurudi, kwa mwendo wa kutulia. Joto la ekzosi huunguza masizi lenyewe.

Kama umeshaifungua, au unasubiri mpya ije kwa basi kutoka Mombasa na gari lazima litembee, fanya hivi. Tafuta chupa ya glasi yenye mdomo mpana. Mimina petroli kiasi cha kufunika ncha ya sensa tu, isifike kwenye waya. Ining'inize humo usiku kucha, nje ya nyumba, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto, ukiwa umeziba mdomo wa chupa kwa karatasi ya foili. Asubuhi itikise polepole ndani ya petroli, itoe, iache ikauke kivulini mpaka harufu iishe kabisa. Brashi ya waya hapana. Msasa hapana. Asidi ya betri, ambayo nimesikia watu wakiisifu, hapana kabisa. Inaweza kuiharibu sensa unayotaka kuiokoa. Petroli iliyobaki usiimwage uani, visima vyetu viko kwenye matumbawe na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika majini.

Ukiirudisha na ikapima vizuri, umepata muda. Hukupata sensa mpya. Sensa yenye hita hutarajiwa kuhudumu kilomita 160,000 hivi, na magari mengi yanayoshuka bandari ya Mombasa kutoka Japani yameshakula sehemu nzuri ya safari hiyo.

Kununua na kufunga

Nenda dukani na sensa ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Namba ya sensa imechorwa kwenye mwili wake au kwenye koneka. Linganisha namba, idadi ya waya, urefu wa waya na umbo la koneka. Denso, NTK na Bosch ni majina ya kuaminika, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo yanayoigwa. Tazama uchapaji wa namba na muhuri wa boksi, na bei ikiwa chini mno jiulize kwa nini. Ya mtumba siinunui. Huwezi kujua imebakiza nini, na jina la "ex-Japan" haliongezi uhai.

Kuna zile za waya mtupu, unazotakiwa kuungia koneka yako ya zamani. Zinafaa ukizipata za gari lako. Unga kwa vibanio vya kubana, usichomee kwa risasi, kwa ajili ya ile njia ya hewa ndani ya waya niliyoitaja.

Kufunga ni haraka. Usiiangushe, ikianguka sakafuni kauri inaweza kupasuka ndani bila kuonekana nje. Thredi za mpya huja zimepakwa grisi ya kuzuia kushikana. Kama hazina, paka kidogo, ile inayostahimili moto, kwenye thredi peke yake. Ikigusa ncha umeinunulia sensa sumu. Anza kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana, Nm 40 hivi kama una spana ya kipimo. Waya usijisokote, usiguse ekzosi, urudi kwenye klipu zake. Chomeka, rudisha terminali ya betri.

Futa kodi, washa, liache lipate joto, halafu soma kwenye simu jinsi volti zinavyopanda na kushuka. Jaza tanki mpaka pampu ikatike, andika kilomita, tembea wiki nzima kwa kazi zako za kawaida, ujaze tena pampu ileile. Hesabu ya lita hizo ina uzito kuliko maneno ya dereva kwamba "sasa liko sawa".

Kodi ileile ya hita ikirudi baada ya sensa mpya, tatizo ni waya au relei. P0171 au P0172 ikirudi, hukuumaliza ugonjwa wa injini, rudi kwenye vakyumu, pampu, injekta na themostati. Ikibaki P0420 peke yake, ile ya kataliti kutosafisha moshi vya kutosha, kagua kwanza uvujaji wa ekzosi na gasketi zake, kwa sababu tundu dogo huiigiza kodi hiyo vizuri, ndipo uanze kuulizia kataliti.